Asili na Halisi: Kusoma Mabamba ya Vitako vya Bunduki za Kale za Marisau



Bila shaka wapo miongoni mwenu waliosoma tangazo la mhadhara huu na kujiuliza bunduki zina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Katika historia ya Afrika ya Mashariki bunduki zimezungumzwa sana, lakini aghalabu zimezungumzwa kama idadi. Inanukuliwa mara kwa mara hesabu ya konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, aliyekadiria mwaka 1888 kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka. Hukumbukwa pia Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ulioweka mipaka ya kuziuza silaha hizo katika eneo kubwa la Afrika. Idadi ni jambo la lazima, nami sina ugomvi nayo. Hata hivyo, idadi haituelezi chochote kuhusu bunduki moja iliyolala mezani mbele ya mtu anayetakiwa kuandika kadi yake ya makumbusho, na ambaye hana budi kuamua kitu hiki kimeundwa kwa nini, kiliundwa lini, na kama sehemu zake zote zilitoka pamoja katika karakana moja.

Leo nitajifunga kwenye sehemu moja tu ya bunduki, tena ile ya nyuma kabisa ambayo watu wengi hawaitazami: bamba la kitako. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo sehemu inayobadilishwa upesi kuliko nyingine yoyote, na kwa hiyo ndiyo inayotoa ushahidi wa uongo mara nyingi zaidi. Pili, nyenzo zilizotumika kuitengeneza, yaani pembe, mpira na chuma, zina majina ya Kiswahili ambayo sote tunadhani tunayajua. Nitaonyesha kuwa mawili kati ya majina hayo yana hila ndani yake.

Nianze na istilahi. Kitako cha bunduki ni ule ubao wa nyuma unaoegemezwa begani. Bunduki ya marisau ni ile inayopiga risasi ndogo ndogo nyingi kwa pamoja, hasa kwa kuwindia ndege na wanyama wadogo. Katika karne ya kumi na tisa ya pili yake ilikuwa kwa kawaida na mitutu miwili iliyolala sambamba. Tusiichanganye na gobori wala gumegume, ambazo hushindiliwa baruti kwa mdomoni. Neno bamba kwa asili yake huelekea kwenye madini yaliyofuliwa yakawa membamba, na fundi wa kweli angeweza kunikosoa ninaposema bamba la pembe. Nalitumia kwa upana huo makusudi, kwa kuwa kazi yake ni ile ile: kuuzuia ubao usipasuke ncha zake unaposimamishwa chini, na kuufunga mwisho wa vinyweleo vya mti usinywe maji.

Ubao na maneno matatu

Wakusanyaji wa bunduki za kale huko Marekani na Uingereza wana swali moja wanalouliza kabla ya mengine yote: je, bamba hili ni la asili? Bei ya bunduki mnadani hupanda au kushuka kwa jibu lake. Wasomi wa makumbusho nao huuliza hivyo hivyo, ingawa wao hawauzi. Kiswahili kina utajiri ambao unasaidia sana hapa, nao hautumiki ipasavyo. Tuna maneno matatu: asili, halisi na bandia. Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, hasa mawili ya mwanzo, kana kwamba ni visawe. Si visawe.

Asili ni habari ya chanzo: kitu kilianzia wapi, na nani, pamoja na nini. Halisi ni habari ya dhati ya kitu: ni pembe kweli, au ni kitu kinachojifanya pembe? Sasa tazameni. Bamba lililochongwa kwa pembe ya nyati mwaka jana na kutiwa kwenye bunduki ya mwaka 1890 ni la pembe halisi, lakini si la asili. Kinyume chake, bamba la mpira mgumu lililosubiwa kiwandani mwaka huo huo wa 1890, likatiwa rangi na umbo la kuigiza pembe au mpingo, ni bandia kwa upande wa nyenzo, ila kwa bunduki ile ni la asili kabisa. Mtu akiling'oa kwa kulidharau na kuweka pembe ya kweli mahali pake, ameondoa bandia iliyo asili na kuweka halisi isiyo asili. Ameharibu hati ya kihistoria kwa nia ya kuiboresha. Jambo hili limetokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na ninaamini sehemu ya sababu ni kwamba waliotenda hawakuwa na maneno mawili ya kutenganisha mambo mawili.

Kiwanda cha Meriden

Nichukue mfano mmoja unaojulikana vizuri. Charles Parker alizaliwa mwaka 1809 na kufariki mwaka 1902. Katika mji wa Meriden, jimbo la Connecticut, alianza mwaka 1832 kwa kutengeneza vinu vidogo vya kusagia kahawa, akapanuka hadi vyombo vya nyumbani vya kila namna. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kazi za silaha za serikali zilifika mjini hapo, na vita vilipokwisha mitambo ilibaki ikihitaji kazi. Kuanzia miaka ya 1866 na 1867 zikaanza kutoka bunduki za marisau zenye jina la Parker. Ziliendelea kutengenezwa Meriden hadi kampuni ya Remington ilipoinunua biashara hiyo mwaka 1934 na kuihamishia Ilion, jimbo la New York, miaka michache baadaye. Uzalishaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1940, baada ya bunduki zipatazo 242,000.

Bunduki hizo ziliuzwa kwa daraja. Mkulima aliyetaka kitu cha kufukuzia kunguru shambani alipata daraja la chini, na tajiri aliyetaka nakshi za ndege na mbwa alilipa zaidi. Bamba la kitako lilifuata daraja hizo. Katika madaraja ya kawaida lilikuwa la mpira mgumu mweusi, lililotolewa katika kalibu. Maarufu kuliko yote ni lile lenye kichwa cha mbwa wa kuwinda katikati. Katika madaraja ya juu kiwanda kilitia fremu ya chuma iliyozunguka ukingo wa kitako tu, ikauacha ubao wa katikati wazi ukiwa umechanjwa mistari ya kupandana. Kwa hiyo mtu anayekuta bunduki ya daraja la juu yenye kichwa cha mbwa cha mpira anapaswa kusita. Si kwamba haiwezekani, kwani wateja waliagiza walivyotaka na sehemu ya vitabu vya maagizo vya kiwanda imesalia hadi leo, bali ni kwamba bamba limeuliza swali ambalo lazima lijibiwe na vitabu hivyo.

Ng'ambo ya Atlantiki, London na Birmingham, utamaduni ulikuwa mwingine. Mafundi wa Uingereza walipenda pembe ya nyati wa Asia, ambayo ni nyeusi, nzito na hukubali tupa vizuri. Na katika bunduki zao zilizo bora kuliko zote mara nyingi hawakutia bamba lolote: kitako kilichanjwa mistari na kuachwa hivyo, ama kilitiwa vipande viwili vidogo vya pembe, juu na chini. Hili huwashangaza wanaoanza, maana wanatarajia kitu ghali kiwe na mapambo zaidi. Bamba zima kwenye bunduki ya namna hiyo huweza kuwa linaficha jambo, kwa mfano kitako kilichokatwa kwa ajili ya mwenye mkono mfupi, kisha kikaungwa tena kwa ajili ya mwingine. Ukilitoa bamba, mstari wa kiungo huonekana pale nyuzi za mti wa jozi zinapokoma ghafla na kuanza nyingine.

Kibiriti na utomvu

Mpira mgumu unahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo nyenzo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Utomvu wa mpira ukiachwa ulivyo huyeyuka kwa joto na kuvunjika kwa baridi. Charles Goodyear, aliyezaliwa New Haven katika jimbo lile lile la Connecticut, aligundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na kibiriti na kupashwa moto hupata uthabiti. Hataza yake ya Marekani ni ya mwaka 1844. Mwingereza Thomas Hancock alikuwa amewasilisha yake mwaka 1843. Ndugu yake Goodyear, Nelson, alipata hataza mwaka 1851 ya hatua iliyofuata: kibiriti kikizidishwa hadi kukaribia theluthi ya uzito wa mchanganyiko, na moto ukaendelea kwa saa nyingi, kinachopatikana si tena kitu cha kunyumbuka. Ni kitu kigumu, cheusi, kinachong'arishwa kama mpingo. Ndiyo maana kikaitwa ebonaiti, kutokana na jina la mpingo.

Nasema kibiriti kwa maana yake ya kwanza. Vijana wetu wakisikia neno hilo huona kisanduku cha njiti, lakini wazee waliotumia kibiriti upele kutibia ngozi walijua kuwa kibiriti ni ule unga wa manjano, yaani salfa, na kwamba njiti zilipewa jina la unga uliopakwa vichwani mwake. Maana hii ya kale inatufaa leo, kwa kuwa kibiriti hicho hakikai kimya ndani ya bamba. Mwanga wa jua na hewa yenye unyevu hukitoa taratibu juu ya uso. Rangi nyeusi hugeuka kuwa ya kahawia, mara nyingine yenye ukijani. Ukilisugua bamba kwa kidole gumba hadi lipate joto, kisha ukakinusa kidole, utasikia harufu ya kibiriti ambayo miaka mia moja haikuimaliza.

Hapa ndipo mgongo wa bamba unapokuwa shahidi bora kuliko uso wake. Upande uliolala juu ya ubao haukuona jua. Bamba la mpira mgumu lililokaa mahali pake tangu mwanzo litakuwa na uso uliofifia na mgongo ulio mweusi. Pande zote mbili zikiwa nyeusi sawasawa, ama bunduki ilikaa gizani maisha yake yote, ama uso umepakwa dawa ya kuurudishia weusi, ama si mpira mgumu kabisa. Zikiwa kahawia zote mbili, yawezekana bamba lilikaa mahali pengine kwa muda mrefu, peke yake, kabla ya kufungwa hapo. Kuliosha kwa maji ya moto, kama wafanyavyo wenye pupa ya usafi, ni kosa kubwa: maji hayo huufanya uso ufifie kwa dakika chache kiasi ambacho jua lingehitaji miaka.

Jina lisilo lake

Katika katalogi nyingi za minada, na hata katika maandishi ya watu wenye heshima, mabamba haya huitwa ya gutapacha. Jina lina mvuto wa kale, lakini karibu kila mara si sahihi. Gutapacha ni utomvu wa mti mwingine kabisa, wa Malaya na visiwa vya jirani, ambao William Montgomerie aliupeleka London mwaka 1843. Hauhitaji kibiriti. Huchovywa katika maji ya moto ukalainika, ukafinyangwa, ukapoa ukawa mgumu. Kazi yake kubwa ilikuwa kufunika nyaya za simu za chini ya bahari, kuanzia waya wa mlango-bahari wa Uingereza na Ufaransa mwaka 1851. Na waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ulikuwa wa ukoo huo. Chini ya maji, gizani, gutapacha hudumu. Hewani, kwenye mwanga, hukauka na kupukutika. Bamba lake lililokaa begani na juani kwa karne moja lingekuwa vumbi.

Chanzo cha kosa hili si vigumu kukiona. Biashara za nyenzo hizi zilichangamana. Kampuni ya kina Silver, ambayo mtaa wa Silvertown mashariki ya London ulipewa jina lake, ilizaa kampuni iliyobeba mpira, gutapacha na simu zote katika jina lake moja, na jina hilo hilo la Silver likaandikwa kwenye vitako vya bunduki kwa sababu ya pedi zake za mpira laini za kupunguza mshtuko. Hali kadhalika visanduku vya picha vya miaka ya 1850, vilivyotengenezwa kwa hataza ya Samuel Peck ya mwaka 1854 kwa kuchanganya lakiri na vumbi la mbao, navyo huitwa gutapacha hadi leo, ingawa havina hata chembe yake. Jina moja lenye fahari limefunika vitu vitatu.

Baada ya hapo zikaja nyenzo ambazo tarehe zake zenyewe ni ushahidi. Seluloidi ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1870, nayo ikisuguliwa hunuka kafuri. Bakelaiti ya Leo Baekeland ilitangazwa mwaka 1909. Ikipata joto hunuka kama dawa ya kuulia vijidudu ya hospitali za zamani. Bamba la bakelaiti kwenye bunduki ya mwaka 1895 halihitaji mjadala. Na mabamba ya leo ya plastiki, yanayosubiwa katika kalibu iliyochukuliwa juu ya bamba la zamani, hujisaliti kwa njia tatu: vitundu vidogo vya hewa mgongoni, nywele za mbwa zilizopoteza ukali wake, na ukubwa. Plastiki hunywea inapokauka, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na nakala ya nakala huwa ndogo zaidi.

Pembe nayo ina tabia zake. Imejengwa kwa keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele zetu, katika tabaka na nyuzinyuzi. Ukiishika ukingo wake mwembamba dhidi ya taa, mwanga hupenya kidogo na mistari huonekana. Mpira mgumu haupitishi mwanga. Chini ya taa ya miali ya urujuanimno pembe hung'aa kwa weupe wa kibuluu, isipokuwa rangi nyeusi iliyotiwa ikiuficha mng'ao huo. Na zaidi ya yote, wadudu wanaokula sufu na ngozi huila. Vijishimo vidogo vilivyochimbwa ukingoni, ambavyo muuzaji angependa vijazwe nta, ni cheti cha bure: hakuna funza aliyewahi kula ebonaiti.

Naomba nitoe tahadhari kuhusu maabara, kwa kuwa siku hizi kuna imani kwamba mashine itatusemea. Kipimo kinachoonyesha kuwapo kwa salfa hakitoshi kuthibitisha mpira mgumu, kwa sababu keratini ya pembe nayo ina salfa yake ya kimaumbile. Asiyejua hilo ataiita pembe mpira huku akijivunia grafu yake. Kipimo cha miali ya infraredi ndicho kinachotenganisha vitu hivi bila utata, nacho huhitaji chembe ndogo tu, au hakihitaji chochote kukatwa. Ama ile njia ya mtaani ya kuchoma kwa sindano ya moto na kunusa kama ni nywele au ni mpira, inafanya kazi kweli, na inaacha tundu la milele. Kwa seluloidi inaweza kuwasha moto. Mtu wa makumbusho hana udhuru wa kuitumia.

Ukingo na skrubu

Kuna ushahidi ambao hauhitaji pua wala taa. Kiwandani, bamba lilifungwa kwenye ubao kabla ya kazi ya mwisho, na fundi alipitisha tupa na msasa juu ya vyote viwili kwa pamoja, hata kidole kikipita juu ya ungio hakihisi kitu. Kwa hiyo bamba la asili na ubao wake vina ukingo mmoja. Bamba likichomoza kuuzidi ubao pande zote, mara nyingi maana yake ni kuwa ubao umepigwa msasa upya na mtu aliyetaka ung'ae, akaliacha bamba kama lilivyokuwa. Bamba hapo laweza kuwa la asili, ila ubao umepungua. Ubao ukilizidi bamba, shaka huhamia kwenye bamba. Huu ni ushahidi wa unyenyekevu, na kwa maoni yangu unashinda vitabu vingi.

Skrubu zisisahaulike. Za zamani zina mfuo mmoja mwembamba, na fundi mzuri aliupanga mfuo huo uelekee sawa na mstari wa kitako. Skrubu yenye mfuo wa msalaba ni ya hataza za Henry Phillips za mwaka 1936. Ikionekana kwenye bunduki ya zama za Parker mzee, mkono wa baadaye umepita hapo. Tundu la pili lililozibwa kwa kijiti karibu na tundu linalotumika linasema hivyo hivyo. Yote haya yanaonekana kwa bisibisi moja na subira, lakini bisibisi iwe ya kipimo sawasawa, la sivyo mchunguzi mwenyewe ataacha alama itakayomchanganya mchunguzi ajaye.

Pembe ipi, mpira upi?

Sasa nirudi nyumbani. Tuseme kadi katika moja ya makumbusho yetu inasema: bunduki ya mitutu miwili, kitako kina bamba la pembe. Msomaji wa Kiswahili ameambiwa nini? Kwa lugha yetu pembe ni ya ng'ombe, ya nyati, ya swala, na ni ya ndovu pia. Katika historia ya misafara, aliyesema kuwa fulani amekwenda bara kutafuta pembe hakuhitaji kuongeza neno la pili; alieleweka ni ndovu. Pembe ya kifaru ina jina lake, kipusa, lakini nayo ni pembe. Kimaumbile hizi si ndugu wote. Ya ndovu ni jino. Ya kifaru ni keratini tupu isiyo na mfupa ndani. Ya nyati ni ganda la keratini juu ya mfupa. Lugha imetazama umbo na mahali, yaani kitu kilichochongoka kutoka kichwani, wala haikukosea. Ndivyo lugha inavyofanya kazi. Ila kadi ya makumbusho haina ruhusa ya kuishia hapo.

Wala hili si suala la usomi mtupu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini uliwaingiza vifaru wa aina zote katika orodha yake kali kufikia mwaka 1977, na ndovu wa Afrika waliingizwa kwa uamuzi wa mwaka 1989. Kitu kinachoazimwa kwa maonyesho nje ya nchi hupita mbele ya afisa wa forodha akiwa na tafsiri ya kadi mkononi. Neno pembe likitafsiriwa kuwa jino la ndovu, kifaa cha nyati kinaweza kuzuiwa. Na kinyume chake, jino la ndovu laweza kupita likiwa limevaa jina la nyati. Neno moja lililoachwa peke yake lina uwezo wa kufanya makosa ya pande zote mbili.

Mpira nao vivyo hivyo. Neno hili linataja mti au mtambaa, utomvu wake, kitu laini kilichotengenezwa nao, bomba la kumwagilia bustani, na mchezo tunaogombania kila Jumamosi. Kabla ya mashamba makubwa, mpira wa pwani yetu ulitoka katika mitambaa ya mwituni. Mmoja kati ya mitambaa hiyo unaitwa na wataalamu wa mimea kwa jina la John Kirk, konseli wa Uingereza mjini Zanzibar. Baadaye Wajerumani walipanda mpira wa asili ya Brazili katika mashamba ya Tanga na Muheza, na bei ilipoanguka mwaka 1913 mengi yakaharibikiwa. Huko Kongo, katika dola ya Mfalme Leopold kati ya mwaka 1885 na 1908, utomvu wa mitambaa ya jamii hiyo hiyo ulikamuliwa kwa mateso ambayo hayahitaji kurudiwa hapa.

Hupenda watu kuuliza kama mpira wa bamba la Meriden ulitoka kwetu. Swali lina uzito, kwa sababu jimbo hilo hilo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, lilikuwa likikata pembe za ndovu zilizopitia Zanzibar kuwa vibao vya piano. Kwa pembe za ndovu njia inajulikana, kuna mawakala, kuna hesabu za meli. Kwa mpira, bamba lenyewe halitasema. Utomvu wa Amazoni, wa Kongo na wa nyuma ya Dar es Salaam ni kitu kimoja kikemia, na baada ya kibiriti na saa nyingi za moto hakuna alama ya mti wala ya mkono uliokamua. Anayedai kulisoma bamba hadi msituni anasoma matamanio yake. Habari hiyo, kama ipo, imo katika daftari za wanunuzi wa mali ghafi, na huko ndiko kwa kuitafuta.

Ninachopendekeza kwa waandishi wa kadi ni kawaida ndogo tu: pembe isiandikwe bila mnyama wake, mpira usiandikwe bila kusema ni mgumu au laini, na asili na halisi yaandikwe katika mistari miwili tofauti. Kwa bunduki ya Meriden ya daraja la kawaida, kadi ingeweza kusomeka hivi. Nyenzo ya bamba: mpira mgumu, uliosubiwa katika kalibu, si pembe, si gutapacha. Nakshi: kichwa cha mbwa, kimelika kidogo puani. Rangi: uso kahawia, mgongo mweusi. Ukingo: bamba limechomoza kuuzidi ubao, ubao umepigwa msasa baadaye. Skrubu: ya juu ya zamani, ya chini ya badala. Asili ya bamba kwa bunduki hii: yaelekea ndiyo, ilinganishwe na kitabu cha maagizo.